Deni la Askari Kanzu

Wasomaji wa Kiswahili tumelelewa na vifo vyenye mashaka. Mohamed Said Abdulla, mwana wa Makunduchi, alitupa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kutoka kama kitabu mwaka wa 1960. Mtu mwenye mali ameuawa, maiti yake imekutwa mahali pa mizimu, na Bwana Msa, kiko mdomoni, hakubali kuridhika upesi na maneno ya watu. Mwaka wa 1965 Faraji Katalambulla akaleta Simu ya Kifo. Kisha mwaka wa 1974 Elvis Musiba akaandika Kufa na Kupona, na humo akamtoa Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania anayetumwa Nairobi kufuata nyaraka za siri za wapigania uhuru. Willy Gamba ndiye aliyetuteka tulipokuwa shuleni. Kitabu kilipita mikono mingi hadi jalada likabanduka, na aliyekimaliza alikatazwa kusema mwisho wake mpaka wengine nao wamalize.

Riwaya za namna hii zina ukurasa ambao msomaji huusubiri tangu mwanzo. Mpelelezi amekaa na watu siku nyingi akijifanya mfanyabiashara, mgeni, rafiki au mlevi. Amekula chakula chao, amecheka mizaha yao. Sasa anasimama mbele yao, anataja jina lake halisi na kazi iliyomleta, kisha anataja aliyeua na namna alivyoua. Kuanzia hapo kila mtu anaitwa jina lake. Hata wale waliodanganywa wakati wa upelelezi, wengi wao hawamlaumu, kwa sababu wameuona uongo wake ukitoka mwangani na kueleza ulikuwa wa nini.

Nimerudi mara nyingi kuufikiria ukurasa huo nikiwa mtu mzima, nikaona umebeba swali zito kuliko lile la nani kaua. Mtu anapata wapi haki ya kuwadanganya wengine ili aujue ukweli? Sisi tunaokemea uongo kwa watoto wetu asubuhi, jioni tunamshangilia mpelelezi anayetumia jina la bandia, pasipoti ya bandia na machozi ya bandia. Tukisema tu kwamba nia yake ni njema, hatujajibu. Wezi wengi nao wana nia njema kwa watoto wao.

Wazee wetu wa pwani na bara walilijua swali hili kabla ya riwaya kuandikwa. Katika masimulizi ya Kiislamu kuna kisa cha Khalifa Umar bin al-Khattab, aliyekuwa na desturi ya kutembea usiku mjini Madina bila kujulikana ili ajionee hali ya watu wake. Usiku mmoja alisikia sauti za anasa ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu na ulevi wake. Alipoanza kumkaripia, yule mtu alimjibu kwamba yeye ametenda kosa moja, lakini Khalifa ametenda matatu: amepeleleza ilhali Mwenyezi Mungu amekataza kupelelezana, ameingia kwa ukuta ilhali ameamrishwa kuingia majumbani kwa milango, na ameingia bila idhini wala salamu. Inasimuliwa kwamba Umar alikubali. Alimwomba yule mtu aahidi kuacha ulevi, akamsamehe, akaondoka. Katazo lenyewe limo katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, pamoja na katazo la kusengenyana na kudhaniana mabaya.

Kinachonigusa katika kisa hicho ni kwamba mtawala mwenye nguvu kuliko wote mjini aliwajibishwa na mlevi. Umar alikuwa na sababu ya kujificha, na safari nyingine za usiku zilimfikisha kwa wenye njaa akawabebea unga mgongoni. Hata hivyo, sababu haikumwondolea wajibu wa kujibu alipoulizwa. Hapo ndipo mimi ninaposimama katika jambo hili. Anayeficha jina lake ili autafute ukweli amekopa. Amekopa imani ya watu wasiojua wanamkopesha nani. Kukopa si dhambi mkopaji akilipa, na malipo ya mkopo huu ni ya namna moja tu: siku moja asimame hadharani, ataje jina lake, aseme alichokiona, na akubali kuulizwa maswali na yule aliyempeleleza.

Je, akifa kabla ya siku hiyo?

Swali hili limepata mwili katika Bonde la Ufa, tena karibu na ninapoandikia. Aliyepanda hadi ukingo wa kreta ya Longonot, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari pale kileleni, anajua jinsi nchi inavyojifunua pale juu. Ziwa Naivasha liko chini, limezungukwa na mahema meupe ya mashamba ya maua. Ng'ambo ya ziwa miinuko inaanza kuelekea Mau, na njia ya Maela na Enoosupukia. Kaskazini, barabara kuu ya Nakuru inapita Morendat, inaendelea Gilgil, halafu Ziwa Elementaita na ranchi ya Soysambu. Ni nchi nzuri mno. Katika eneo hilo hilo, ndani ya miaka sita tu, walikufa watu ambao vifo vyao vilifika magazetini duniani kote, na ambao sisi wenyeji tumewazungumzia ndani ya matatu kwa sauti ya chini kuliko walivyostahili.

Naanza na Samson ole Sisina, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa askari kanzu.

Sisina alikuwa afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na tangu hapo nyama ya porini imekuwa biashara ya gizani. Nyati akichinjwa na kukatwakatwa, nyama yake haina tofauti kubwa na ya ng'ombe kwa jicho la mnunuzi wa kawaida, na bucha linaweza kuiuza bila mteja kujua anakula nini wala imepimwa na nani. Askari mwenye sare hawezi kuikamata biashara hii kwa urahisi. Akionekana kwa mbali, visu vinaoshwa, ngozi zinafukiwa, na anayeulizwa hajui lolote. Ndiyo maana shirika huwatuma maafisa waliovaa kiraia, kwa gari lisilo na alama, waingie kama watu wa kawaida. Tarehe 19 Aprili 2005 Sisina na wenzake waliingia Soysambu kwa namna hiyo, wakifuata habari kwamba wanyamapori wanachinjwa katika kichinjio cha ranchi. Wakawakamata baadhi ya wafanyakazi. Tom Cholmondeley, mwana wa ukoo wa Delamere wenye ranchi hiyo, alifika hapo, risasi zikafyatuliwa, na Sisina akafa.

Cholmondeley hakukana kumpiga risasi. Alisema alidhani hao ni majambazi waliovamia watu wake. Alishtakiwa kwa mauaji, na mwezi uliofuata, Mei 2005, Mwanasheria Mkuu wakati huo, Amos Wako, aliiondoa kesi mahakamani kabla haijasikizwa. Wamasai waliandamana. Wengi wetu tuliona aibu, hata tusioandamana.

Naomba msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu maelezo ya kesi hii huenda upesi mno kwenye rangi ya ngozi na ukubwa wa ardhi, mambo ambayo ni kweli yalikuwapo, na kuiacha hoja ya askari kanzu. Sisina hakuvaa kiraia kwa kupenda kwake. Dola lilimvua sare. Lilimwambia aende pasipo alama yoyote ya kumtambulisha, likijua kwamba sare ndiyo kinga ya kwanza ya askari. Alipokufa, kukosa kwake sare ndiko kukawa utetezi: hakujulikana ni nani. Yaani kile ambacho nchi ilimwazima ili aifanyie kazi kiligeuka kuwa sababu ya kifo chake kutosikizwa. Inawezekana mwenye bunduki alidhani kweli. Inawezekana hakudhani. Kuna chombo kimoja tu kilichopewa kazi ya kutofautisha hayo mawili, nacho ni korti iliyo wazi, yenye mashahidi wanaoapishwa na kuhojiwa na pande zote mbili. Kesi ilipoondolewa, familia ya Sisina ilinyimwa jibu, na hata mshtakiwa alinyimwa nafasi ya kusafishwa mbele ya watu kama kweli hakuwa na hatia. Alitoka akiwa huru na akiwa anashukiwa, na hiyo si haki kwa yeyote.

Kuhusu nyati na kichinjio, ushahidi ambao wapelelezi wale walihatarisha maisha kuupata haukupata siku yake katika kesi hiyo. Ukurasa ule wa riwaya ulichanwa.

Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 10 Mei 2006, mwaka mmoja baadaye, katika ranchi ile ile, Robert Njoya, fundi wa mawe kutoka kijiji cha jirani, alipigwa risasi akafa. Safari hii kesi ilisikizwa hadi mwisho. Tarehe 7 Mei 2009 Jaji Muga Apondi alimtia Cholmondeley hatiani kwa kuua bila kukusudia, na wiki moja baadaye akamhukumu kifungo cha miezi minane, mbali na miaka mitatu aliyokuwa amekaa rumande. Alitoka kabla mwaka huo haujaisha, na mwaka wa 2016 akafariki dunia katika hospitali jijini Nairobi. Watu wengi waliona adhabu ile ni ndogo, nami ni mmoja wao. Lakini naitofautisha kesi ya Njoya na ya Sisina kwa jambo moja ambalo naliona kubwa: mauti ya Njoya yalizungumzwa. Mashahidi walisimama wakahojiwa. Kuna hukumu iliyoandikwa, mtu yeyote anaweza kuisoma na kuipinga. Ya Sisina haina hukumu ya kupinga.

Miezi michache kabla ya kifo cha Njoya, tarehe 13 Januari 2006, Joan Root aliuawa kwa risasi nyumbani kwake kando ya Ziwa Naivasha. Alikuwa mtengenezaji wa filamu za wanyama, na katika miaka yake ya mwisho aligharimia kikosi cha kuzuia uvuvi haramu ziwani, ambamo baadhi ya walinzi walikuwa wavuvi haramu wa zamani waliojua njia zote za maji. Washukiwa wanne walishtakiwa, wakaachiliwa mwaka wa 2007. Namtaja kwa sababu kazi yake inaonyesha upande mwingine wa kificho. Aliipenda Naivasha, na samaki waliokuwa wakivuliwa kabla ya kukomaa walihitaji mtetezi, hilo silibishi. Lakini habari za siri zinapokusanywa kwa fedha za mtu binafsi, hakuna ofisi inayoweza kuulizwa na mwenyeji aliyechongewa kwa uongo, wala hakuna anayebeba lawama mtoa habari anapolipiza kisasi chake cha zamani. Umar alipoulizwa na mlevi alikuwapo kujibu. Katika mpango wa namna hii mwenyeji angemwuliza nani?

Kuna mtu mwingine ambaye siwezi kuandika habari za vifo vya eneo hili nikampita. Hakujificha hata siku moja.

Padre John Anthony Kaiser alizaliwa Minnesota, Marekani, mwaka wa 1932. Aliwahi kuwa askari wa miamvuli kabla ya kujiunga na wamisionari wa Mill Hill, na mwaka wa 1964 akaja Kenya, akafanya kazi miaka mingi Kisii kisha katika Jimbo la Ngong. Watu waliofukuzwa Enoosupukia mwaka wa 1993 katika mapigano ya kikabila walikimbilia kambi ya Maela, na Kaiser akaishi nao huko. Mwishoni mwa 1994 serikali ilipoivunja kambi ile na kuwapakia watu kwenye malori, alipinga waziwazi na akaondolewa kwa nguvu. Baadaye, Tume ya Jaji Akiwumi ilipoundwa mwaka wa 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila, alikwenda akatoa ushahidi. Alikwenda kwa jina lake, na kola yake shingoni, akawataja wakubwa waliokuwa madarakani siku hiyo. Pia aliwasaidia wasichana waliotaka kumshtaki mtu mwenye mamlaka. Alijua analofanya. Aliwaeleza wenzake kwamba huenda akauawa.

Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2000 mwili wake ulipatikana kando ya barabara karibu na Morendat, ukiwa na jeraha la risasi kichwani, na bunduki yake ikiwa hapo. Kwa kuwa alikuwa raia wa Marekani, wapelelezi wa FBI waliitwa kusaidia, na mwaka wa 2001 ripoti yao ikasema alijiua. Maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliikataa. Waumini waliomjua waliikataa. Kwa jamii zetu, kusema mtu amejiua si jambo la kitaalamu tu. Unamnyang'anya namna ya kukumbukwa, unawaachia watoto wake wa kiroho swali ambalo hawawezi kulijibu makaburini. Neno kama hilo halifai kutamkwa ila baada ya kila anayejua kitu kusikizwa.

Ndivyo ilivyofanyika hatimaye, ingawa kwa kuchelewa. Serikali ilipobadilika, uchunguzi wa kifo ulifunguliwa mahakamani mwaka wa 2003. Uliendelea miaka minne. Wakaitwa mapadre, polisi, madaktari, wapelelezi, watu wa kawaida waliomwona Kaiser siku zake za mwisho. Tarehe 1 Agosti 2007 Hakimu Maureen Odero alitoa uamuzi wake: Kaiser hakujiua, aliuawa. Hakuweza kumtaja muuaji kwa ushahidi uliokuwa mbele yake, akataka uchunguzi zaidi ufanywe. Hakuna mtu aliyetiwa hatiani kwa kifo hicho.

Mpenzi wa riwaya ataona huo ni mwisho mbaya. Miaka saba, na muuaji hana jina. Mimi nauheshimu. Hakimu yule alikuwa na nyenzo chache kuliko FBI. Hakuwa na maabara kubwa wala wataalamu wa tabia waliosafiri kutoka mbali. Alikuwa na sheria ya zamani inayomruhusu kuchunguza kifo chenye shaka, chumba ambacho mlango wake ulikuwa wazi, na subira. Alipofika mahali ambapo ushahidi uliishia, alisema umeishia hapo. Hakuongeza neno la kutufurahisha. Katika vitabu vya Willy Gamba sikumbuki tulipofundishwa kwamba hilo nalo ni ushujaa, na pengine ni jambo ambalo riwaya haiwezi kulifundisha, maana msomaji angekitupa kitabu.

Weka vifo viwili hivi pamoja, cha askari kanzu na cha padre. Mmoja alificha jina ili aujue ukweli, akafa kabla ya kuusema. Mwingine aliusema ukweli wake kwa jina, akafa baada ya kuusema. Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana wa Naivasha au Gilgil kwamba uwazi ni salama kuliko kificho. Si kweli. Ninachoweza kumwambia ni kwamba baada ya kifo, hali zao zilitofautiana kwa sababu ya yale ambayo sisi tuliobaki tuliyafanya. Kaiser alikuwa na Kanisa lililokataa kunyamaza, na hatimaye akapata korti. Sisina alikuwa na jamii iliyopiga kelele, lakini kalamu moja ilitosha kuifunga kesi yake.

Katika mazishi ya Waislamu wa pwani, kabla maiti haijapelekwa kuzikwa, msemaji wa familia husimama akatangaza: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze kwa warithi. Desturi hiyo imeenea hata bara, na Wakristo wengi hufanya jambo linalofanana nayo. Deni halizikwi na mwenyewe. Kwa kipimo hicho, Sisina alipokufa, deni lake la kukisema hadharani alichokiona lilihamia kwa warithi wake. Ni nani? Si mjane wala watoto. Wao walikuwa na machungu yao ya kutosha. Warithi wa deni lile ni wale waliomtuma, yaani dola, na sisi ambao kazi ilifanywa kwa jina letu. Dola lilikuwa na njia ya kulilipa, likachagua kutolilipa.

Na sisi? Nimeishi katika sehemu hizi nikisikia watu wazima wakieleza kwa undani nani alionekana na nani, gari gani lilipita usiku, nani alilipwa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lakini anayeeleza hayo mezani, akiulizwa kama atayasema mbele ya hakimu, hucheka au hukasirika. Sitamhukumu. Ana watoto, ana shamba, na ameona yaliyowapata waliosema. Tena neno tunalomwita anayekwenda kituo cha polisi kutoa habari si la heshima. Tunamweka pamoja na wachongezi. Hata hivyo kila mmoja wetu anayejua na kunyamaza amekuwa mpelelezi asiyekusudia. Tumeishi na siri za wengine, tumezibeba kwa uso wa kutojua, na hatuna mpango wa siku ya kuuvua uso huo. Willy Gamba angalau alijua kazi yake ina mwisho.

Kwa haki ya nchi yangu, niseme kwamba sheria imesogea. Katiba ya 2010 iliondoa kwa Mwanasheria Mkuu mamlaka ya kuendesha mashtaka ya jinai na kumpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na Kifungu cha 157 kinasema mkurugenzi huyo hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Kama kifungu hicho kingekuwapo Mei 2005, jaji angelazimika kuuliza sababu, na wote tungeisikia. Sheria ya Kulinda Mashahidi ilipitishwa mwaka wa 2006, kisha ikapewa wakala wake wenyewe. Mwaka wa 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo, ili kifo chenye shaka kisitegemee polisi peke yao, ambao mara nyingine wao ndio wanaoshukiwa. Sheria hiyo ya mwisho ilikaa miaka bila kutekelezwa, na kila mwaka uliopita familia fulani iliendelea kuambiwa isubiri faili.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaoshika ofisi. Mnapomtuma kijana avae kiraia, aingie kichinjioni, bandarini au msituni kwa jina lisilo lake, andikeni mapema ni nani atakayesimama kuzungumza asiporudi. Iwapo atakufa, kifo chake kifikishwe mahakamani na kisikizwe hadi mwisho, hata kama mshtakiwa ni mtu mkubwa na hata kama ushahidi unaweza kumwachilia. Na huduma ya wachunguzi wa vifo ipewe fedha na watu, ianze kazi katika kila kaunti.

La pili ni kwako, msomaji. Vikao vya uchunguzi wa kifo katika mahakama zetu, Naivasha, Nakuru na kwingineko, hufanyika mchana na milango huwa wazi kwa umma. Mara nyingi viti vya nyuma huwa vitupu, familia ya marehemu imekaa peke yake na wakili, kama wamempata. Nenda ukae nao. Kama hujui lolote, uwepo wako utamfanya shahidi mwoga asijione peke yake. Kama unajua jambo, omba ulinzi ambao sheria imekupa, kisha simama, taja jina lako, useme.